Binti yangu anasema malkia hawi mweusi: je, nifute katuni zote?

*"Mbukwa mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Nkuhungu hapa Dodoma. Binti yangu ana miaka 6, yuko darasa la kwanza, na mdogo wake wa kiume ana miaka 4. Binti ni mpenzi mno wa katuni za mabinti wa kifalme. Begi lake la shule lina picha yao, na muvi zenyewe baba yake alimwekea kwenye flashi, nyingine zimetafsiriwa na madijei. Kila jioni anafunga kanga yangu kichwani ining'inie mgongoni, eti ndiyo nywele. Ilikuwa inatuchekesha mpaka juzi aliponiambia yeye hawezi kuwa malkia wa kweli kwa sababu ni mweusi, na kwamba mdogo wake ndiye mfalme wa kuja kumuokoa. Mume wangu anataka tufute zote. Wifi yangu ambaye ni mwalimu anasema za zamani ndizo mbaya, za sasa wanawake ni majasiri, kwa hiyo tufute za zamani tu. Na huyu mdogo naye sasa analia anataka gauni la kumetameta. Nifanye nini? Na ni kweli za sasa ni nzuri?"*

Mbukwa dada. Ahsante kwa kueleza kwa kirefu, maana ndani ya maelezo yako kuna mambo manne na uzito wake haulingani. Kanga kichwani iache, ni mchezo wa umri wake. Gauni la mdogo lisikukoseshe usingizi. Kufuta muvi zote sikushauri, ingawa zipo za kufuta, ila siyo zile anazozifikiria wifi yako. Ile kauli kwamba hawezi kuwa malkia kwa sababu ni mweusi ndiyo ya kushughulikia, na uanze wiki hii, bila hofu.

Nianze na umri, kwa sababu ndio unaoeleza mengi. Mtoto akifika miaka 3 hivi anajua kama ni wa kike au wa kiume. Asichojua bado ni kwamba hali hiyo haibadiliki. Mwanasaikolojia wa Marekani, Lawrence Kohlberg, alieleza mwaka 1966 kwamba uhakika huo hukamilika karibu na miaka 6 au 7. Kabla ya hapo mtoto anaweza kuamini kabisa kuwa mvulana akivaa sketi na kuachia nywele atageuka msichana. Basi anashikilia alama: nywele ndefu, gauni, hereni, rangi ya waridi. Anazishikilia kwa nguvu kuliko mtu mzima yeyote, ndiyo maana wa miaka 5 anaweza kukuapia kwamba udaktari ni kazi ya akina baba hata kama aliyempima jana yake alikuwa daktari mwanamke. Ukali huo hupanda mpaka miaka 5 au 6, halafu hulegea wenyewe kuanzia 7 na kuendelea. Watoto wa kike wa nchi hii wamefunga kanga na mitandio kichwani kabla king'amuzi hakijaingia sebuleni kwao. Msimcheke wala msimkataze.

Katuni inamnasa kirahisi kwa sababu imejengwa kwa alama hizohizo. Mchoraji ana sekunde chache za kumwonyesha mtoto nani mwema, nani mbaya na nani wa kike, naye anatumia kope, kiuno, rangi na sauti. Mtoto ambaye tayari yuko mbioni kutafuta kanuni za dunia anazikuta zimepangwa mbele yake, zinarudiwa kila anapobonyeza kitufe.

Sasa hoja ya wifi yako. Ni kweli kuna mabadiliko, na si madogo. Snow White ya mwaka 1937 anapika, anafagia, anasubiri. Cinderella wa 1950 naye anasubiri, ingawa kwa bidii zaidi. Binti aliyelala wa mwaka 1959 (Sleeping Beauty) husema maneno machache kuliko karibu mhusika mkuu yeyote unayemfahamu. Ukimlinganisha na Moana wa mwaka 2016, anayeongoza chombo baharini na hana mchumba tangu mwanzo hadi mwisho, ni kama dunia mbili.

Lakini safari kati ya hizo mbili haikwenda moja kwa moja, na hapo ndipo wifi yako anapoteleza. Wataalamu wawili wa isimu wa Marekani, Carmen Fought na Karen Eisenhauer, walihesabu maneno katika filamu za mabinti wa kifalme za Disney na kutoa matokeo yao mwaka 2016. Katika ile ya binti aliyelala, ambayo wengi tunaidharau, wanawake wanasema asilimia 71 ya maneno yote. Siyo binti mwenyewe. Ni wale mashangazi watatu wenye mbawa wanaobishana kuhusu keki na rangi ya gauni, pamoja na mchawi. Katika Cinderella ni asilimia 60. Halafu njoo mwaka 1989, kwenye The Little Mermaid, filamu iliyosifiwa kwa kuleta binti mwenye matakwa yake: wanaume wanasema asilimia 68. Beauty and the Beast ya 1991, binti anayependa vitabu, wanaume asilimia 71. Aladdin ya 1992, asilimia 90. Hata Mulan wa 1998, mwanamke anayeokoa nchi nzima kwa upanga, anaishi ndani ya filamu ambayo wanaume wanachukua asilimia 77 ya maneno.

Ilikuwaje binti akapata ujasiri na wanawake wakapungua? Angalia wanaomzunguka. Wahusika wadogo wanahitajika kwa wingi: askari wa lango, muuza mkate, mpishi, nahodha, mshauri wa mfalme, kaa, joka, kinara cha mshumaa kinachoongea. Kila mmoja wao huandikwa mwanaume bila mtu kukaa chini na kuamua hivyo. Mwandishi anaweka juhudi zake zote kwa binti mmoja na kusahau mtaa mzima. Filamu za zamani zilikuwa na wahusika wachache, wengi wa nyumbani, na nyumbani kulikuwa na wanawake. Za miaka ya 90 zilipanuka zikawa na masoko, majeshi na majumba yenye watumishi, na nafasi mpya zote zikaenda upande mmoja. Taasisi ya Geena Davis, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2004 na mwigizaji wa jina hilo baada ya kutazama vipindi na binti yake mdogo, iligundua kwamba hata katika picha za umati, watu wapitao tu nyuma bila kusema neno, wanawake walikuwa takriban asilimia 17. Hebu fikiria Soko la Majengo lenye wanawake 17 katika kila watu 100. Mboga angeuza nani?

Kwa hiyo binti jasiri aliye peke yake kati ya wanaume anamfundisha mtoto somo tofauti na tunalodhani. Anamfundisha kwamba yule ni wa pekee, na wasichana wengine hawako hivyo.

Sababu nyingine iko nyuma ya meza ya kuchorea. Mwaka 1938 studio ya Disney ilimjibu kwa barua msichana aliyeomba mafunzo kwamba wanawake hawafanyi kazi ya ubunifu pale, kazi hiyo ni ya vijana wa kiume. Wanawake walikuwa wa kufuatisha michoro kwa wino na kupaka rangi. Na hii inashangaza zaidi ukijua kwamba filamu ndefu ya katuni ya zamani kuliko zote zilizosalia hadi leo, ya mwaka 1926, ilitengenezwa na mwanamke wa Ujerumani, Lotte Reiniger, akikata vivuli vya karatasi kwa mkasi. Ilibidi kusubiri 1991 ndipo Linda Woolverton awe mwanamke wa kwanza kuandika filamu ndefu ya katuni ya Disney, na 2013 ndipo Jennifer Lee awe wa kwanza kuongoza moja, akishirikiana na mwanaume. Kwa Pixar, studio dada ya Disney, Domee Shi aliongoza peke yake mwaka 2022, na filamu yake inamwonyesha msichana wa miaka 13 na mama yake anayemletea pedi. Nani angeiandika hiyo mwaka 1959?

Niwe mkweli pia kuhusu yaliyopona. Hesabu ileile ya Fought na Eisenhauer inaonyesha kwamba katika filamu za kwanza zaidi ya nusu ya sifa alizopewa mwanamke, asilimia 55, zilikuwa za sura. Katika zile za miaka ya 90 zikashuka hadi 38, na katika za karibuni hadi 22, huku sifa za ujuzi na matendo zikipanda hadi 40. Hili si dogo kwa mtoto. Brave ya 2012 ina asilimia 74 za maneno ya wanawake, kwa sababu ni ugomvi wa binti na mama yake. Frozen ya 2013, ambayo nadhani ndiyo iliyo kwenye begi la binti yako, imewapa wanawake asilimia 41 tu licha ya kuwa na mabinti wawili, lakini kinachomuokoa dada mmoja ni upendo wa dada mwingine, hakuna busu la mwana wa mfalme. Utaona kwamba filamu moja inaweza kuwa nzuri kwa kipimo hiki na dhaifu kwa kile. Ndiyo sababu kugawa flashi kwa mwaka wa kutengenezwa hakutakusaidia.

Umbo la mwili ndilo lililobadilika kidogo kuliko yote. Simamisha filamu yoyote ya karibuni pale sura ya binti na mkono wake vinapoonekana pamoja. Chukua uzi, pima upana wa jicho lake kwenye kioo, halafu upime kifundo cha mkono. Mara nyingi utakuta jicho limelingana na kifundo au limekizidi. Mwanaume aliye pembeni yake pima hivyohivyo: kifundo chake kitakuwa kipana kuliko jicho. Encanto ya 2021 ina dada mmoja mwenye misuli na mabega, na mhusika mkuu mwenye miwani asiye binti wa kifalme, lakini wa aina hiyo wanahesabika.

Mumeo anasema futeni zote. Namwelewa, na nia yake ni njema, lakini utafiti haumuungi mkono kwa urahisi. Sarah Coyne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brigham Young waliwafuatilia watoto 198 wa umri wa chekechea na kuchapisha mwaka 2016: waliozama zaidi katika katuni na vitu vya mabinti wa kifalme, mwaka mmoja baadaye walikuwa wamezidi kushika michezo na tabia zinazohesabiwa za kike. Taarifa hiyo ilizunguka sana na kuwatisha wazazi. Iliyofuata mwaka 2021 haikuzunguka hata nusu yake. Watoto walipofikia miaka 10 au 11, waliopenda mabinti wa kifalme utotoni walikuwa na mawazo mapana zaidi kuhusu nafasi ya wanawake, na waliridhika na miili yao kuliko wenzao. Wavulana pia walikuwemo. Hiyo haina maana kwamba katuni ndiyo iliyowafanya hivyo. Inaonyesha uhusiano tu. Lakini inavunja ile hofu kwamba anachokipenda akiwa na miaka 6 ndicho kitakachomfunga akiwa na 16.

Kufuta kuna gharama nyingine. Ataenda kutazama kwa jirani, ambako haupo wa kumuuliza chochote, na kile kilichokatazwa kitazidi utamu. Wakati huohuo begi litabaki mgongoni. Begi, kwa maoni yangu, ni gumu kuliko filamu, maana limeondoa hadithi likabakiza sura, kiuno na nywele. Mwaka 2013 yule binti wa Brave, mwenye nywele za msukosuko na upinde, alichorwa upya kwa ajili ya kuuza bidhaa: kiuno kikabanwa, gauni likametameta, upinde ukatoweka. Zaidi ya watu 200,000 walitia saini kupinga. Filamu ilikuwa vilevile. Bidhaa ndiyo iliyogeuza ujumbe. Basi begi la sasa usimnyang'anye, litaisha lenyewe. La Januari mpeleke sokoni akachague kati ya mawili au matatu ambayo wewe umekwisha kuyachuja.

Za kufuta ni hizi: zile zilizotafsiriwa na madijei. Kazi yao ni burudani ya banda umiza, hadhira yao ni vijana, na wanaifanya vizuri kwa hadhira hiyo. Kwa mtoto wa miaka 6 tatizo ni sauti. Mwanaume mmoja anasema maneno ya wote: binti, mama yake, bibi, mchawi. Filamu iliyokuwa na asilimia 74 za wanawake inabaki na sifuri ya sauti ya kike. Mazungumzo marefu kati ya mama na binti, ambayo ndiyo moyo wa hadithi, hufupishwa kwa sababu hayana mapigano. Nafasi inayobaki hujazwa utani, mara nyingi kuhusu umbo la binti au nani "kamuelewa". Kaa usikilize dakika 15 za moja kati ya hizo bila kutazama kioo, utajua. Kwa lugha ambayo mtoto anaielewa, afadhali vipindi vilivyotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Akili and Me, kutoka Ubongo ya Dar es Salaam, ina msichana wa miaka 4 anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Inamfaa hasa huyo mdogo wako. Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2014, inamfaa binti.

Zilizobaki zipime hivi. Usianze mwanzoni mwa filamu, kwa sababu dakika za kwanza hudanganya: kuna msimulizi, kuna mama anayekufa mapema, kuna wimbo. Sogeza hadi dakika ya 30. Weka vibakuli viwili na kiberiti. Kwa dakika 10, kila mwanamke akianza kusema weka njiti kibakuli cha kushoto, kila mwanaume akianza kusema weka cha kulia. Wanyama na vitu vinavyoongea navyo vihesabu kwa sauti zao. Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani joka halina jinsia. Zikikaribiana, vizuri. Zikiwa moja kwa tatu, siyo lazima uifute, ila jua kwamba hiyo utaitazama pamoja naye. Halafu ruka hadi dakika 10 za mwisho uangalie jambo moja: kilichomaliza tatizo kilikuwa nini? Uamuzi wa binti, ujuzi alioupata njiani, msaada wa mwanamke mwenzake, au mtu aliyetokea ghafla kumbeba? Kipimo hiki cha mwisho nakiamini kuliko kile cha njiti. Upanga usikubabaishe, wapo mabinti wanaopigana filamu nzima halafu dakika ya mwisho wanabebwa.

Kutazama pamoja hakuhitaji kuwa somo. Filamu nyingi za aina hii zinakaribia saa moja na nusu, na Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 4 asizidi saa moja ya kioo kwa siku. Kwa hiyo igawe jioni mbili, na wote wawili watapata. Uliza maswali mawili tu, tena baada ya kuzima: "Huyu dada alikuwa anataka nini?" na "Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Kosa la kawaida ni mzazi kusimamisha kila dakika akisema "unaona, unaona?" Mtoto anajifunga mdomo, na kesho anaomba kutazama kwa jirani. Faida uliyo nayo ni kwamba watoto hurudia filamu ileile mara nyingi. Mara ya kwanza anafuata hadithi, mara ya tatu au ya nne ndipo ana nafasi ya kuwaza. Hapo mwambie: leo tucheze hii, lakini wewe ndiye unayemuokoa mdogo wako. Mwachie aamue atamuokoa na nini.

Sasa lile kubwa. Binti yako hajasema anajichukia. Amefanya hesabu. Kila malkia aliyemwona ni mweupe mwenye nywele za kushuka, akatoa kanuni. Hesabu yake ni sahihi, mifano ndiyo mibaya. Kwa hiyo ukimjibu "hapana, wewe ni mzuri sana", hujagusa kanuni yake hata kidogo. Umempa maoni ya mama, na anajua mama ni wake. Mjibu kwa swali: "Nani alikuambia?" au "Umeona malkia wangapi?" Msikilize mpaka mwisho, kwa sababu inawezekana hajaitoa kwenye katuni. Inawezekana darasani waligawana nafasi za mchezo na aliye mweupe kidogo akapewa umalkia. Kama ni hivyo, mwalimu wa darasa anahitaji kujua, kwa mazungumzo ya utulivu.

Kisha mpe mifano mipya, mingi, mfululizo, usimpe mmoja. Binti wa kifalme mweusi wa kwanza wa Disney, Tiana, alitoka mwaka 2009. Ni mchapakazi na ana ndoto ya kufungua mgahawa, ila nikuonye kwamba sehemu kubwa ya filamu anaitumia akiwa chura wa kijani. Supa Team 4 ya mwaka 2023, iliyobuniwa na Malenga Mulendema wa Zambia, ina wasichana wanne wa Lusaka na mama mtu mzima anayewaongoza. Humo wanawake wanaongea wao kwa wao. Iwájú ya 2024 iko Lagos, na mhusika wake Tola ni msichana wa pale, lakini kuna watekaji watoto ndani yake, huyo wa miaka 4 asubiri.

Hata hivyo usitegemee kioo peke yake, na kwa bahati uko Dodoma. Tangu mwanao aanze kuelewa maneno, rais wa nchi yake ni mwanamke, na hakuna aliyewahi kuuliza nywele zilizo chini ya ushungi wake zina urefu gani. Bunge liko mjini kwenu, na wanawake wawili wamekwisha kukalia kiti cha Spika: Anna Makinda kuanzia 2010 hadi 2015 na Tulia Ackson kuanzia 2022 hadi 2025. Mpitishe pale mbele ya jengo, mwambie. Na mpeleke akaone muheme. Katika ngoma hiyo ya Wagogo wapigaji ni wanawake. Ngoma zinakaa katikati ya mapaja, zimeinamishwa, na mikono inayopiga ni ya mama na bibi wenye rangi na nywele kama zake, huku umati mzima ukiwafuata. Mtoto anayetafuta alama ya mwanamke mwenye nguvu ataipata pale bila maelezo. Ukikosa harusi au sherehe ya karibu, Chamwino hufanyika tamasha la muziki wa Kigogo.

Halafu sikilizeni mnavyoongea nyumbani. Siku ya kusuka, akiwa amekaa chini katikati ya magoti yako, anasikia nini? "Nywele zako ngumu hizi zitanivunjia kitana." "Bora ungechukua za baba yako." Shangazi anakuja: "Huyu anazidi kuwa mweusi, kacheza juani." Hayo yana nguvu kuliko filamu kumi, kwa sababu yanasemwa na watu anaowapenda. Lowanisha nywele kwanza, paka mafuta, anza kuchana nchani kuelekea shinani, na mwache achague mtindo: twende kilioni, mabutu, vyovyote. Kama kuna kopo la mkorogo bafuni, la yeyote yule, liondoke. Mtoto anaona, na anajua ni la nini.

Huyu wa kiume mpe kitambaa kinachometameta ajifunge wakati wa mchezo. Kwa miaka 4 anataka kile ambacho dada yake anasifiwa nacho. Kikizoeleka ataenda kwa kingine. Maneno ya "wewe ni demu?" yasitoke kwa mtu yeyote wa nyumba hiyo, maana yanamuumiza yeye na wakati huohuo yanamfundisha dada yake kwamba kuwa wa kike ni tusi.

Mengi ya haya hutulia ndani ya miezi michache. Tafuta mtu wa kumwona ana kwa ana ikiwa binti anajisugua ngozi kwa nguvu au kujipaka vitu ili awe mweupe, anakata nywele zake kwa hasira, anakataa chakula kwa sababu ya umbo, anakataa shule, ameanza kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, au anarudia maneno ya kujichukia kwa zaidi ya wiki mbili pamoja na jitihada zenu. Anza kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ueleze hivyohivyo ulivyonieleza mimi. Wakikuelekeza Mirembe, jina lisikutishe. Watu wa Dodoma tumeligeuza kuwa mzaha, lakini ni hospitali ya afya ya akili na wataalamu wapo. Afisa ustawi wa jamii wa kata au wa jiji naye ni wa kumfuata, hasa kama maneno ya rangi yanatoka shuleni na mazungumzo na mwalimu hayajazaa kitu. Na ukigundua kuna mtu mzima anayemtesa au kumdhalilisha, usisubiri wiki mbili: piga 116, ni namba ya huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi siku hiyohiyo.